Mgongo wa Mkwe

Kwa miaka kumi na mmoja Nangila na Gita walikuwa wakienda visiwani Jumamosi ijayo. Jumamosi yenyewe haikufika. Mara kuna matanga Malakisi, mara duka linahesabiwa mali, mara mvua. Chaman, mume wa Gita, aliyekaa nyuma ya kaunta ya duka lao la vitambaa mjini Kitale tangu enzi akiwa na nywele, alizoea kuwauliza, "Mmerudi lini kutoka visiwani? Samaki hawajambo?" Basi Agosti ya mwaka 2005 Gita alichoka kuchekwa. Alichukua ufunguo wa Datsun ya mumewe, akawaachia kaunta yeye na mwanawe Deep, akateremka hadi Kanduyi, nje kidogo ya Bungoma, kumchukua rafiki yake.

Urafiki wao ulizaliwa na desturi. Nangila alikuwa mwalimu mstaafu na mjane, Mbukusu kuanzia utosini hadi kisiginoni. Binti yake Sellah aliolewa na kijana aitwaye Walubengo, wakapanga nyumba Matisi, huko huko Kitale. Na kwa Wabukusu, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na kulala chini ya paa moja ndiyo usiseme kabisa. Kila alipokwenda kuwaona wajukuu, Nangila alikosa pa kulala. Gita, ambaye alikuwa akimuuzia vitambaa vya sare za shule, akampa chumba juu ya duka. Walianza kwa chai, wakaishia kwa siri.

Lakini asubuhi hiyo Gita hakufika Kanduyi peke yake. Kwenye kiti cha nyuma alikuwapo Sellah, macho mekundu.

"Mama, mkipita Kisumu, ingieni pale ofisini kwake," Sellah alisema hata kabla ya salamu kukolea.

"Tufanye nini?"

"Mmuangalie tu. Simu ya ofisi hailii. Yake yenyewe inashika mara moja kwa wiki. Mwaka mzima amekuja nyumbani mara mbili, na amekuwa mweusi tii. Ati ni jua ya Kisumu. Sasa jua inaingia ofisini ikipitia wapi, mama?"

"Pesa analeta?"

"Analeta. Si mambo ya pesa. Huyo ako na mwanamke."

"Umemuona?"

"Si ndiyo nakutuma! Mwezi hii ikiisha kama sijajua ukweli, narudi hapa na watoto wote watatu. Sitakula pesa ya mtu ananidanganya."

Nangila alimjua binti yake. Sellah hakuwa mtu wa kutisha watu bure. Akisema anafungasha, masanduku yameshatolewa chini ya kitanda. "Lakini mimi siwezi kusimama mbele ya mkwe wangu namkagua kama polisi," alisema.

"Mimi nitaingia," Gita akadakia. "Mimi si mkwe wa mtu huko."

*

Sellah alirudi Kitale kwa matatu, nao wawili wakashika njia ya Kisumu. Gita aliendesha gari kwa adabu nyingi mno. Baiskeli mbili ziliwapita kwenye mlima, na mwendeshaji wa moja akawapungia mkono wa pole. Nangila alikaa kimya na kikapu chake mapajani, na Gita, ambaye hapendi kimya, akatafuta la kusema.

"Hebu niambie. Wewe na mkwe mkigusana kwa bahati mbaya?"

"Ni kondoo."

"Kondoo?"

"Analeta kondoo kwangu. Yeye na mke wake, wote wawili. Wanasimama mbele ya wazee, na yeye mwenyewe, kwa mdomo yake, anaeleza tuligusana wapi, siku gani, na nini ilimpeleka hapo. Kila kitu. Halafu tunachinja, tunakula, imeisha. Binamu yangu aligongana na mkwe wake hapo Kanduyi sokoni, na nyanya zikamwagika. Kondoo ilikuja wiki hiyo hiyo."

"Na asipoleta?"

"Atathubutu? Mtoto akikohoa tu, kila mtu ataambia yeye ni hiyo kondoo."

Gita akatikisa kichwa. "Kama ni kwetu mimi ningekuwa nimelipa zizi nzima. Nilifunika uso mbele ya baba ya Chaman miaka saba. Siku moja nampelekea chai, shela imefika hapa kwa kidevu, nikakanyaga paka. Chai yote ikaenda kwa mzee."

"Wooi! Akasema?"

"Akasema, 'Paka imeumia?'"

Walicheka hadi Gita akalazimika kuegesha gari kando ya barabara. Kwa muda huo Nangila alimsahau Walubengo kabisa.

Kisumu ilimkumbusha. Kampuni ya samaki ambako mkwewe alikuwa karani wa stoo ilikuwa na mnyororo langoni na majani yaliyofika magotini. Gita alishuka, akaongea na mlinzi mzee aliyekuwa akimenya muhogo, akarudi polepole.

"Imefungwa, Mwalimu. Tangu mwaka jana, mwezi wa pili. Amesema watu wote walienda kwao."

Mwaka na nusu! Nangila alihesabu tena kwa vidole. Kama hakuna ofisi, pesa zinatoka wapi? Na kama alikwenda kwao, kwao ni wapi kusiko na mke wala watoto? Alimuona Sellah akishuka Kanduyi na masanduku, watoto watatu nyuma yake, na majirani wakihesabu.

"Mficha uchi hazai," alisema kwa uchungu. "Turudi."

"Tukirudi leo, Sellah atalia leo. Tukirudi kesho kutwa, atalia kesho kutwa. Muache apumue siku mbili." Gita aliwasha gari. "Na mimi niko na miaka hamsini na sita, sijawahi kuweka mguu kwa ziwa. Shemeji zangu walikaa hapa Kisumu, nikawa naangalia maji kutoka dirishani."

Nangila alikubali, na aliona haya kwamba amekubali haraka hivyo. Wakaendelea, wakapanda feri, na jua likiwa bado juu wakafika Mbita.

*

Gesti waliyofikia ilikuwa ya mwanamke mmoja wa Nyeri, Nyaruai, aliyeletwa ziwani na ndoa. Ndoa ikaenda, yeye akabaki na gesti na boti. "Kesho nitawapa Hillary," aliwaambia akiwaandikia risiti. "Huyo hanywi, hatukani, na hajawahi kunilowesha mgeni. Wazungu wanamuitisha kwa jina."

Asubuhi maji yalikuwa yametulia. Boti ilikuwa ndefu, imepakwa rangi ya samawati, na turubai limetandazwa juu ya nguzo nne kuzuia jua. Huyo Hillary alisimama majini akiishika, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Hakuwasalimu kwa maneno, aliinama tu. Wakati wa kupanda aliwanyooshea kasia walishike kama kishikio cha ngazi, huku yeye akitazama upande wa pili. Gita, ambaye alimjua Walubengo kwa jina tu, aliona hiyo ni heshima kubwa. Akaketi, akapanga vikapu, injini ikanguruma, na Mbita ikaanza kurudi nyuma.

Walikuwa wamefika mbali Gita alipogeuka.

"Kijana! Si uangalie mbele! Unaendesha ukiangalia tulikotoka?"

Kweli nahodha alikuwa amewapa mgongo. Aliendesha akichungulia njia juu ya bega, mara moja moja, kama mtu anayerudisha lori nyuma.

Nangila naye akageuka. Sasa, uso wa Walubengo angeweza kukutana nao sokoni akaupita, kwa sababu katika miaka kumi na miwili hakuwahi kuutazama. Hillary nalo ni jina lake la ubatizo, nyumbani halikutumika. Lakini mgongo! Mgongo ndio mkwe anaoonyeshwa. Kila alipotokea kwenye harusi, matanga au ubatizo, Walubengo alimgeuzia huo huo: bega la kushoto limeshuka kidogo, kovu la jipu chini ya sikio. Nangila aliujua mgongo ule kuliko mtu mwingine yeyote hapa duniani, pengine hata kuliko Sellah.

Akavuta kitambaa cha kichwa hadi puani, akajigeuza kuelekea mbele ya boti.

"Mama Deep. Simamisha hii kitu. Huyo ni Walubengo."

Injini ikazimwa kabla Gita hajasema lolote. Boti ikayumba taratibu. Ndege weusi waitwao mnandi walikuwa wamekaa juu ya jiwe wakikausha mabawa.

"Turudishwe," Nangila alisema. "Hatuwezi kukaa hapa ndani na huyu mtu. Hakuna hata mlango!"

"Miaka kumi na moja, Mwalimu."

"Desturi haijui miaka."

Gita alitazama upande mmoja, akatazama wa pili. Kisha akavua shela yake kubwa ya kijani, akaifunga kwenye nguzo mbili za turubai, pazia likakata boti katikati. Yeye mwenyewe akakaa kwenye mpaka.

"Haya. Sasa mko nyumba mbili. Mimi ndiyo ua."

Nangila alifikiria. Desturi inakataza macho na mikono, masikio hayakutajwa. Akafungua uso kidogo.

"Muulize huyo mtu anafanya nini hapa."

"Anauliza unafanya nini hapa," Gita alisema, ingawa kati yao hapakuwa na hatua tatu.

"Mwambie mama kampuni ilifungwa," sauti ikaja nyuma ya pazia. "Nikakuja huku kubeba maboksi ya samaki. Baadaye nikafundishwa boti. Naendesha mwaka mmoja sasa."

"Muulize mbona mke wake hajui."

Maji yaligonga ubavu wa boti.

"Mwambie mama, ile siku wazee wetu walikuja Kanduyi kuongea mambo ya ng'ombe ya mahari, mimi nilikuwa nimeachwa nje hapo kwa jiko. Na mama alikuwa ndani. Nikasikia akisema, 'Sikusomesha msichana apewe mtu wa kubeba mizigo. Huyu ako na kalamu, tutampa.' Mwambie kalamu iliisha. Sikujua nitarudi na nini."

Gita hakurudia maneno hayo. Hapakuwa na haja. Nangila alikuwa ameyakumbuka, pamoja na kicheko kilichofuata na jinsi alivyojisikia mtu mkubwa siku hiyo. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alikuwa amekuja kumshika mwongo, kumbe naye alimsaidia kutunga.

"Mwambie..." alianza, akakwama. "Mwambie awashe injini. Na aangalie mbele. Pazia iko."

*

Ikawa siku njema, tena njema kuliko walivyostahili. Walubengo aliijua kazi yake. Alizima injini walipokaribia kisiwa cha ndege, akaiacha boti iteleze yenyewe, na furukombe akashuka mbele yao, akanyakua samaki, akapaa. Aliwapitisha mbali na viboko bila kuwaambia ni viboko hadi walipokwisha pita. Kila mara alisema kwa sauti ya chini, "Mama Deep, waangalie kulia," na vichwa vyote viwili vikageuka kulia. Kisiwa cha Mfangano kilisimama mbele yao, kijani kibichi, na ukungu kwenye kilele.

Huko kwenye kisiwa cha Takawiri kuna mchanga mweupe. Walubengo aliwateremsha kwa kasia, yeye akitazama mawinguni, kisha akaenda kula chakula chake mbali, nyuma ya mti. Gita alikunja sari hadi magotini, akaingia ziwani. Halafu akaanza kucheka peke yake, akirusha maji kwa vidole vya miguu.

"Chaman hataamini," alisema.

"Chaman hatakosa la kusema."

Nangila naye alivua viatu. Walikula chapati na achari ya Gita, kwa sababu Gita hali samaki wala nyama, na Nangila alikula samaki wa kukaanga peke yake bila kuona haya. Lakini kila alipolamba kidole alimkumbuka Sellah, na mwezi uliobakiza siku tisa.

"Mama Deep, muite asogee. Asimame kwa mti, anipe mgongo."

Mgongo ukaja, ukasimama.

"Muulize atamwambia mke wake lini."

"Nitamwambia Desemba," mgongo ulijibu.

"Desemba! Mwambie Sellah amesema mwezi hii ikiisha anafungasha. Anafikiria ako na mwanamke."

Walubengo alicheka, kisha bega lile la kushoto likashuka zaidi. "Mwanamke? Mwambie mama mimi nalala kwa stoo ya maboya."

"Basi piga simu leo."

"Nimejaribu, mama." Alisahau kupitia kwa Gita. "Nashika simu, nasikia sauti yake, naongea mambo ya mahindi. Mtu akishadanganya mwaka mzima anaanzia wapi, bana? Si mama amwambie yeye? Akisikia kwa mama atanielewa."

Nangila aliwaza. Ingekuwa rahisi. Angepiga simu mwenyewe, amalize. Lakini basi Walubengo angebaki mwongo aliyeshikwa na mama mkwe, na Sellah asingesikia kamwe mumewe akisema kweli kwa hiari yake. Nyumba haikai juu ya ukweli wa kuletewa.

"Mwambie mimi sibebi mzigo wa mtu," alisema, na alipogundua alichosema akaona haya tena, akachukua viatu vyake.

*

Jioni, jua likiwa bado na nguvu, walirudi Mbita. Boti iliegeshwa kando ya mwamba mpana. Gita alishuka wa kwanza, akapokea vikapu. Walubengo alisimama majini hadi mapajani, akalinyoosha kasia kama alivyofanya siku nzima, uso wake ukielekea kisiwa cha Rusinga.

Nangila alilishika kasia. Aliweka mguu mmoja juu ya mwamba. Hapo akasimama, akautazama ule mgongo kwa makini, kovu na bega na shati lililopauka kwa chumvi ya jasho. Kisha akaliachia kasia, akasema, "Wooi, naanguka!" na akamkamata mkwewe mkono.

Aliukamata vizuri, kiganja kwa kiganja. Kilikuwa kigumu, chenye mikwaruzo ya kamba, na hakikutetereka. Walubengo aligeuka kwa mshtuko, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili wakatazamana. Alikuwa na uso mzuri, Nangila aliona. Uliochoka, lakini mzuri.

"Mama!" Walubengo aliachia mkono kama ameungua. "Mama, tumegusana!"

"Tumegusana," Nangila alikubali, akijifunika kitambaa upya. "Sasa tutafanya nini?"

"Ni kondoo, mama. Wooi! Ni kondoo."

"Basi Jumamosi. Wewe na mke wako. Wazee nitawaita mimi."

Walubengo alibaki majini, kasia likielea kando yake. Polepole uso wake ulibadilika. Alikuwa anahesabu atakayoyasema mbele ya wazee, na kwamba Sellah atakuwa amesimama ubavuni akisikia, na kwamba kabla ya hapo, njiani, atauliza kondoo ni wa nini. Hapakuwa na njia ya kumweleza huyo kondoo bila kulitaja ziwa.

"Mama Deep," alisema hatimaye, "mwambie mama asante."

"Amesikia," Gita alisema.

*

Walikuwa mezani kwa Nyaruai, chai mbele yao, simu ya Nangila ilipolia.

"Mama! Muliingia ofisini?"

"Mama Deep alienda."

"Na? Mlimuona?"

"Tumemuona. Anakuja kesho kutwa. Jumamosi mnakuja Kanduyi, nyinyi wote na watoto. Mnaleta kondoo."

"Kondoo?" Sellah alikuwa Mbukusu, hakuhitaji kufasiriwa. "Mama, mligusana? Mligusana wapi, na yeye ako ofisini?"

"Muulize yeye. Atakuambia kila kitu. Halafu, Sellah."

"Mm?"

"Akikuambia, usikimbilie masanduku. Msikilize mpaka mwisho. Na usiku huo mpikie. Amekonda."

Alifunga simu, akaivuta sahani ya mandazi. Nje, boti ya samawati ilikuwa imefungwa, na mtu mmoja alikuwa akitembea ufukweni kwenda na kurudi, mara simu sikioni, mara akiinyoosha juu kutafuta mtandao.

Gita alikoroga chai yake isiyohitaji kukorogwa. "Mwalimu."

"Sema."

"Ule mwamba ulikuwa mkavu."

"Kunywa chai, Mama Deep."

"Na kasia ulikuwa umeshika."

Nangila alikifungua kiganja chake, akakitazama, akakifunga tena. "Jumamosi uje na Chaman," alisema. "Wewe huli nyama. Nitakupikia maharagwe."